Baba Asiambiwe

Tuanze na aibu, tuimalize mapema. Baba yangu alikuwa anaitwa Mnusa Makalio.

Ndiyo, umesoma vizuri. Rudi usome tena ukipenda, mimi nishazoea.

Makalio yenyewe ni ya magari, tulieni. Baba alikuwa fundi wa injini. Mafundi wengine wakiletewa gari linalosumbua wanafungua boneti. Baba alikuwa anaenda nyuma. Anamwambia dereva, "Washa, kanyaga mafuta kidogo," kisha anapiga goti, anasogeza uso mpaka karibu na mdomo wa ekzosi, anafumba macho na kuvuta. Anavuta kweli, kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya mchuzi. Halafu anainuka, anajipangusa goti, anatoa hukumu. "Hili linakula oili. Ringi zimekwisha." Au, "Nozeli moja inakojoa dizeli hovyo." Na akikuta kautamu fulani ndani ya moshi, anatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno: "Gasketi. Maji yanaingia kwenye injini. Pole sana, ndugu."

Sasa siku ya jina. Alikuja dereva mmoja wa lori, kitambi kimemtangulia, analalamika lori lake halipandi kilima. Tumwite Kitambi, maana ndivyo tulivyomwita, na yeye ndiye aliyeanza vita. Baba akapiga goti nyuma ya lori. Gereji imejaa watu. Na siku hiyo hiyo, katika siku zote alizopewa, babu mzaa mama alikuwa amekuja kutusalimia. Mkwe kabisa. Mzee ambaye hata kukohoa alikuwa anaomba radhi kwanza. Kasimama mlangoni, kofia mkononi.

Kitambi akatoa kichwa dirishani. "Jamani eh! Nimeleta lori litibiwe, bwana huyu ananusa makalio!"

Gereji nzima ikaanguka kicheko. Baba akageuka kuona nani anacheka, macho yakagongana na ya mkwe wake. Na akiwa bado kapiga goti, ekzosi iko sikioni, akasema kwa adabu zote:

"Shikamoo, baba."

Salamu ile ndiyo iliyopigilia jina msumari. Watu waliirudia miaka na miaka. Mama alinuna mpaka tukadhani amesahau kuongea. Mimi shuleni nikawa Binti Mnusa. Darasani mtu akitoa hewa, wote wananigeukia: "Binti Mnusa, tupe majibu. Ringi au gasketi?"

Lakini jina lile lilileta wateja. Madereva walikuwa wanatoka mbali kuja kunusiwa. Wengine gari halina tatizo lolote, wanataka tu kuona. Baba naye, tuseme ukweli, alilipenda. Akisikia "Mnusa yupo?" anatoka uvunguni kifua mbele, kama aliyeitwa jukwaani.

Gereji ilikuwa chini ya kilima, pale pale malori yanapopunguza gia na kuanza kulia. Kila lori likianza kupanda linatema wingu jeusi, na wingu lile halina haraka. Linazunguka, linaingia gereji, linapita uani, linabisha hodi kwetu. Maana sisi tulikuwa tunaishi nyuma ya gereji hiyo hiyo, vyumba viwili na jiko, ukuta mmoja tunashirikiana. Mama alikuwa anafuta meza kabla ya chai na anaifuta tena baada ya chai, na kitambaa kinatoka cheusi mara zote mbili. Mashuka meupe alishayafuta kwenye maisha yake. Mimi kuandika jina langu nilijifunzia kwenye kioo cha dirisha la jikoni, kwa kidole. Hakuna aliyeona ajabu. Ukizaliwa chini ya kilima unadhani kamasi za binadamu wote ni nyeusi.

Mama aliwahi kumshonea baba kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Kizuri, kina kamba mbili. Baba akakivaa kidevuni.

"Vaa sawasawa," mama akamwambia.

"Nikiziba pua nitafanyia kazi nini? Goti?"

Hapo mjadala ukafungwa.

Presha yake iligunduliwa kwa sababu ya jino. Gego lilimsumbua, shavu likavimba, akaenda zahanati akalitoe. Kabla ya kumgusa wakampima presha. Wakapima tena mkono wa pili, kama hawaamini mashine yao. Wakagoma kung'oa. Baba akarudi nyumbani jino lake liko pale pale, mkononi ana pakiti ya vidonge.

"Nimeenda na ugonjwa mmoja," akasema, "wameniongezea wa pili."

Aliambiwa vidonge ni vya kila siku. Yeye akaelewa kila siku atakayojisikia vibaya. Na tatizo la presha ni kwamba hujisikii kitu. Alikuwa anakula vizuri, anacheka vizuri, anabeba gia boksi na vijana wa gereji. "Huyu mgonjwa yuko wapi?" anauliza, anajipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo. Vidonge anavikumbuka siku kisogo kinapomkaza.

Hapo ndipo akaingia shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Anaishi nje ya mji kabisa, kule kwenye miti, anafuga kuku, na ana sauti ambayo hata jogoo wake wanaisubiri imalize. Aliposikia habari za presha alikuja siku hiyo hiyo, akatukusanya jikoni baba akiwa gereji, akatoa amri.

"Presha ni mawazo. Ndugu yangu ana mawazo. Kuanzia leo, habari mbaya yoyote, baba asiambiwe."

"Wifi, nesi alisema vidonge na chumvi," mama akajaribu.

"Chumvi punguza. Habari mbaya, futa kabisa."

Na tukafuta. Jamani, tulifuta! Nyumba yetu ikawa kama tangazo la sabuni, kila mtu anatabasamu. Paka akagongwa na lori. Baba akaambiwa kahamia kwa jirani, huko kuna panya wengi. Timu yake ikifungwa, redio inapata hitilafu. Mimi nikafeli hesabu. Baba akaambiwa walimu bado wanasahihisha, na walisahihisha mpaka mwaka ukaisha. Mama alikuwa hawezi hata kugombana naye. Akikasirika anatoka nje, anagombana na kamba ya nguo, anarudi anamimina chai.

Na kila asubuhi mtu huyo huyo tuliyemlinda kama yai, mtu asiyeruhusiwa kusikia hata matokeo ya mpira, anaingia gereji, anapiga goti, anaweka pua kwenye ekzosi, anavuta.

Hakuna aliyeunganisha. Si shangazi, si mama, si yeye mwenyewe. Moshi ulikuwa hewa ya nyumbani, na ugonjwa ulikuwa mawazo. Vitu viwili visivyofahamiana.

Kisha bibi akaanza kuumwa.

Bibi mzaa baba alikuwa anaishi na baba mdogo, mbali, safari ya kuondoka kukiwa na umande na kufika jua likizama. Alikuwa na desturi ya kumpigia baba simu kila mwisho wa wiki, kumuuliza swali lile lile: "Umekula?" Baba, mtu mzima ana mvi, anajibu, "Nimekula, mama." Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, na wote wawili wanakata simu wameridhika.

Baba mdogo akampigia shangazi kwamba bibi hainuki kitandani. Shangazi akampigia mama. Mama akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, simu sikioni, akasikiliza. Nilikuwa namenya vitunguu hapo pembeni. Nikasikia sauti ya shangazi ikitoka kwenye simu, mara hii ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Baba asiambiwe kwanza. Tumsubiri mama apate nafuu. Nikimwambia sasa nitawapoteza wote wawili."

Ilikuwa ni mapenzi, nielewe vizuri. Mama anayeumwa ni mama yake yeye pia. Alikuwa anakwenda kumuuguza, anarudi, anapita kwetu kumwonyesha kaka yake meno yote.

"Mbona mama hapigi siku hizi?" baba anamuuliza.

"Simu yake imeharibika spika. Anakusikia, wewe humsikii. Kaona aibu."

"Mnunulieni nyingine basi."

"Tunatafuta ile yenye vitufe vikubwa."

Na kule bibi, tuliambiwa baadaye, alikuwa anamuuliza baba mdogo kila akifungua macho: "Kashakuja?" Anajibiwa, "Yuko njiani, mama." Hivyo na yeye, kwa upande wake, alikuwa analindwa.

Hakupata nafuu.

Sasa ikawa kazi. Utamwambiaje mtu msiba wakati hukumwambia ugonjwa? Shangazi akalia mpaka akaishiwa, akanawa uso, akatoa amri yake ya mwisho, na hii ndiyo ambayo mpaka leo nikiisimulia watu wanadhani natunga. Tumpeleke baba zahanati kwanza. Apimwe. Akae karibu na nesi. Habari apewe hapo hapo, ili ikipanda ishushwe.

Tukamdanganya kwamba anaenda kupimwa kawaida. Alifurahi tunavyomjali. Njiani akatutania, "Familia nzima kunisindikiza kupimwa mkono? Mngeleta na kuku."

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Akampima. Akakunja uso. "Mzee, iko juu sana. Vidonge unameza?"

"Namezameza."

Shangazi akamshika baba mkono ule mwingine. Alikuwa ameandaa maneno mazuri, nilimsikia akiyafanyia mazoezi. Yote yakamkimbia.

"Kaka, mama ametutoka."

Baba akamtazama. Akamtazama mama, akanitazama mimi. Akaona sura zetu hazina hata chembe ya mshtuko, zina uchovu tu, uchovu wa watu waliobeba kitu kizito muda mrefu. Akaelewa.

"Alikuwa anaumwa tangu lini?"

Nje lori likabadilisha gia.

"Dada. Nauliza, tangu lini?"

"Tangu simu ilivyoharibika," shangazi akasema, na hapo akalia kwa sauti.

"Aliniulizia?"

"Kila siku."

Baba hakupiga kelele. Hakuanguka kama tulivyokuwa tumejiandaa. Mama alikuwa ameshatega mikono kumdaka. Aliinama tu, akaendelea kukunja mkono wa shati lake uliokuwa umekunjwa kwa ajili ya kipimo, akaukunja, akaukunja, mpaka ukafika begani na hakuna tena cha kukunja.

Nesi akamwacha alie kimya kimya. Baadaye, alipotulia, akampima tena. Namba ilikuwa imepanda kidogo tu. Akasubiri, akapima mara ya tatu. Imerudi pale pale ilipokuwa kabla hajaambiwa chochote.

Shangazi akaitazama ile mashine kama imemtukana. "Haijapanda?"

"Imepanda kidogo, imeshuka. Huzuni inapandisha, kisha inapita," nesi akasema. "Hii kubwa aliingia nayo mlangoni. Mzee, unafanya kazi gani?"

Baba akafuta macho. "Nanusa."

"Unanusa nini?"

Mama akamweleza. Kuhusu goti, ekzosi, kilima, kitambaa kilichovaliwa kidevuni. Nesi akavua miwani.

"Mimi sivuti sigara lakini," baba akajitetea.

"Mzee wangu, wewe unavuta malori."

Kisha akatueleza taratibu, kwa maneno ya kawaida. Kwamba moshi wa dizeli una vumbi dogo mno, jicho halilioni. Linapita mapafuni, jingine linaingia mpaka kwenye damu. Ukikaa nalo miaka, mishipa inakakamaa, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Hakusema ni moshi peke yake. Alitaja umri, chumvi, ukoo, na akataja vidonge vya kumezameza, akimkazia macho. "Lakini moshi nao umo. Na huo ndio hakuna anayeuhesabu."

Akanyoosha kidole kwa mama. "Wewe unakaa hapo hapo? Hebu leta mkono."

Mama, ambaye hajawahi kupiga goti nyuma ya gari hata mara moja, alikuwa juu. Si kama baba, ila juu. Shangazi naye akalazimishwa. Shangazi wa kwenye miti, aliyebeba msiba, ugonjwa na uongo wote ule kichwani peke yake, namba zake zilikuwa nzuri kama za msichana.

"Mtu mmoja si kipimo cha wote," nesi akasema haraka. "Wenye mawazo nao wanaumwa." Lakini shangazi alikuwa ameshakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Alikuwa amemlinda kaka yake na kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho tele na hakikumpandisha.

Tulikwenda kuzika.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, aliingia chumba cha bibi. Nilimfuata na maji ya kunywa, nikasimama mlangoni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mtandio wa bibi, ule wa rangi ya udongo ambao hakuuvua jua wala mvua, ulikuwa umetundikwa kwenye msumari. Baba akautoa. Akauweka usoni, akafumba macho, akavuta.

Mimi nilikuwa nimesimama mbali na nilikuwa nasikia harufu yake. Sabuni, mafuta ya nywele, na ile harufu ya bibi isiyokuwa na jina.

Baba akavuta tena. Akaugeuza, akatafuta upande wa shingoni, akavuta kwa nguvu mpaka mabega yakapanda. Akautoa usoni akautazama.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "umefuliwa huu?"

"Hapana, baba. Haujafuliwa."

"Unanukia?"

Nikajibu ukweli. "Unanukia bibi."

Akaketi kitandani, mtandio mapajani. "Mimi sisikii kitu."

Ndipo akaniambia. Pua ilikufa zamani, mimi nikiwa bado mdogo. Kwanza iliacha kusikia vitu vya mbali, kisha chakula, mwisho hata dizeli. Matatizo ya injini alikuwa anayajua kwa rangi ya moshi na kwa mlio, kama fundi yeyote mzoefu. Ile kupiga goti ilikuwa ya bure.

"Sasa kwa nini ulikuwa unanusa?"

"Watu walikuwa wanamtaka Mnusa." Akakunja mtandio vizuri, akaufungua, akaukunja tena. "Ningewaambia nini? Na mama yako angepata mawazo."

Yaani na yeye alikuwa na lake. Sisi jikoni tunasema asiambiwe, yeye gereji anasema wasiambiwe. Nyumba moja, ukuta mmoja, kila mtu kamlinda mwenzake mpaka hakuna aliyekuwa anajua kitu.

Aliporudi kazini, gari la kwanza alilotazama lilikuwa la Kitambi. Kitambi akawasha, akasubiri goti. Baba akabaki amesimama pembeni, kitambaa cha mama kimefunika pua sawasawa.

"Sinusi tena."

"Acha utani, Mnusa. Sasa tutakuitaje?"

"Fundi. Niliwahi kuitwa hivyo."

Wengine walikasirika kabisa, kama wamedhulumiwa. Wateja wa kuangalia tu wakapotea. Vidonge akawa anameza kila asubuhi mbele ya mama, kisha anafungua mdomo kuonyesha, kama mtoto. Injini za kupimwa zikawa zinawashwa nje, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Dirisha la jikoni tukalipigilia misumari. Kuhama? Tulilizungumza. Lakini gereji ndiyo ilikuwa hapo, na watu wa chini ya kilima wakihama wote, nani atatengeneza malori yanayoshindwa kupanda? Tukabaki. Namba zikashuka. Nesi akapiga makofi. Tukaanza kuamini.

Kiharusi kilimjia asubuhi nzuri. Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Hakukuwa na habari mbaya hata moja. Kitambi alikuwa amepita kusalimia tu, anasimulia jinsi mkewe alivyomkuta anajipima tumbo kwa kamba ya lori. Baba alikuwa anacheka, kashika spana. Spana ikaanguka. Akaitazama chini, akautazama mkono wake, bado anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili haukutabasamu tena.

Kitambi ndiye aliyembeba mpaka kwenye lori.

Daktari alisema vidonge vilisaidia, ila mishipa ilikuwa imeumia miaka mingi kabla havijaanza kumezwa sawasawa. Baba alirudi nyumbani na mguu wa kuburuta na maneno machache. Tulimwekea kiti uani, mgongo kwa ukuta wa gereji. Kila jioni tulikuwa tunamzunguka, na alikuwa na maneno mawili tu ya kufungulia kikao. Anayatoa kwa shida, anayatafuna kwanza:

"Mabaya kwanza."

Tukamwambia. Paka alikufa, baba, hakuhamia popote. Akafunga macho, akaitikia kwa kichwa: alijua. Timu imefungwa mabao mengi. Hesabu nilipata sifuri. Hapo alicheka mpaka mate yakamtoka na mama akamfuta. Shangazi akawa anamsimulia siku za mwisho za bibi, kidogo kidogo, kila akija. Alisema nini. Alikunywa nini. Alitazama wapi. Baba anasikiliza, machozi yanatoka jicho moja, na shangazi akitaka kuacha baba anagonga kiti kwa mkono mzima: endelea.

Hayo mabaya hayakumuua. Kiharusi cha pili ndicho kilichomchukua, asubuhi, wakati barabara imefungwa wanaziba mashimo na kilima kiko kimya. Mama alianika mashuka ya kulalia wageni wa msiba. Yakakauka meupe. Alisimama pale kwenye kamba akiyatazama, hakuyaanua mpaka watu walipokwenda kumshika mikono.

Sasa ngoja nimalizie.

Juzi shangazi kaja na mayai. Kanivuta jikoni, kafunga mlango, sauti ile ndogo. Kitambi kalazwa. Aliishiwa nguvu kwenye usukani, bahati lori lilikuwa limesimama. Presha. Miaka yote ile kakaa nyuma ya ekzosi za wenzake kwenye foleni ya kilima, dirisha wazi, mkono nje.

"Mama yenu asiambiwe," shangazi akasema. "Ana namba zake. Kitambi na baba yenu walikuwa kama ndugu. Asi..."

Akajisikia mwenyewe. Akaziba mdomo.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, kikapu cha nguo kiunoni.

"Nisiambiwe nini, wifi?"

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama mayai.

"Niambie hapa hapa. Nimesimama vizuri."

Shangazi akamwambia. Mama akaweka kikapu chini, akakaa juu ya ile ndoo yake, akalia kidogo, kwa haki yake. Kisha akainuka, akachukua kidonge chake cha siku juu ya kabati, akameza na maji. Akatafuta viatu.

"Twendeni tukamwone akiwa bado anaongea."

Tulimkuta anaongea. Aliponiona mlangoni alijaribu kuinua kichwa, akasema taratibu, "Binti Mnusa. Haya tuambie, ringi au gasketi?" Mama akamshika mkono, akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Hiyo ndiyo ya kwetu. Na najua siyo ya kwetu peke yetu, maana chini ya kila kilima kuna nyumba. Sasa zamu yako. Kwenu nani anaitwa jina la aibu kwa sababu ya kazi yake? Anavuta moshi wa nini, jenereta, mkaa, malori? Mmeshampeleka kupimwa, au mnamfichia tu matokeo ya mpira? Andika hapo chini, hata mistari miwili. Ukiwa na la kuchekesha na la kuumiza, leta yote.

Mabaya kwanza.